Ukikutwa Umesimama

Mfuniko wa sufuria ulidondoka gizani, ukazunguka sakafuni, ukatulia. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, akijiandaa kwenda kazini. Tunafanya kazi pamoja, chumba cha pasi, kwenye kiwanda cha kufulia sare.

"Amka, bibi harusi, kumekucha."

"Wifi, leo siwezi. Mwili unawaka. Nisemee kwa msimamizi."

"Nitakusemea," akacheka puani.

Kwetu anayeumwa haulizwi cheti. Zamu yake hugawiwa wenzake, kisha msimamizi huja mwenyewe kumtazama. Akikukuta kitandani, unaumwa. Akikukuta umesimama, unategea, na mtegeaji hana kazi kesho.

Saa nne walifika wote wawili, msimamizi na wifi. Walinikuta uani, nimeinamia beseni, povu hadi kwenye viwiko, mwanangu wa miaka minne kaning'ang'ania sketi.

"Makubwa haya!" msimamizi akasema. "Mgonjwa anafua! Wewe, unajua maana ya kutegea?"

"Najua, mama. Ni kujitia ugonjwa ili mwenzio abebe mzigo wako."

"Kumbe somo unalo! Wenzio wanapiga pasi sare zako, mikono inawatoka malengelenge, wewe uko hapa unasugua shuka zako."

"Si nilikwambia, mama?" wifi akadakia. "Ugonjwa wa huyu huja na jua, ukazama na jua. Kula anakula, tena anaongeza."

"Nishike paji la uso, mama. Nishike tu."

"Nimeshika pasi miaka ishirini. Moto wa kuigiza naujua. Kesho usije."

Nikamtazama wifi. Hata macho hakukwepesha. Alfajiri ile ile, mkono ukiwa tayari kwenye komeo, alikuwa amenitupia shuka zake: "Si unabaki? Basi usikae bure." Sasa niseme? Kazi yenyewe aliniombea yeye, na chumba tunacholala, mimi, mume wangu na mtoto, ni chake. Nikisema, tunalala wapi? Nisiposema, tunakula nini? Nikainamia beseni tena.

Msimamizi alikwishageuka, wifi nyuma yake. Mwanangu akaachia sketi yangu, akanyoosha kidole kwenye beseni.

"Hizo shuka ni za shangazi."