Toleo la Kesho

Asubuhi ile Kesho hakukaa kitako hata kidogo. Alisimama mbele ya kompyuta, akazunguka kitanda, akachungulia dirishani bila kuona kitu, akarudi kwenye kompyuta. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, alimwona akipita mlangoni huku na huko mpaka akachoka yeye.

"Mwanangu, una nini leo? Tulia basi."

"Nakuja, mama."

"Unakuja wapi, na hujaondoka?"

Kesho si jina alilopewa na wazazi. Majirani wanadhani aliitwa hivyo kwa sababu ukimwomba kitu hujibu kesho, na siwezi kusema wanamsingizia. Lakini jina lilitoka kwa kaka yake, na lilitokana na kazi. Ni hivi: mtu akiandika programu, mashine haielewi alichoandika mpaka kitafsiriwe na programu nyingine inayoitwa kompaila. Wenye kuandika kompaila hutoa toleo rasmi mara chache, likiwa limekaguliwa na kupigwa msasa. Ila kila siku wanarekebisha hiki na kile, na wapo watu wasioweza kusubiri. Kwa ajili ya hao kuna watu wa kujitolea wanaochukua kazi ya siku, mbichi ilivyo, wakaifungasha na kuiweka mtandaoni ili kila mwenye kompyuta inayotumia mfumo wa Linux aichukue. Kesho ndiye mfungashaji, na kaka alimwita hivyo kwa kuwa hutoa leo kile ambacho wengine watakipata kesho. Miaka nenda miaka rudi, kabla ya kwenda dukani kwake kuwatolea watu nakala za vyeti, huhakikisha kifurushi cha siku kimetoka. Hakuna aliyemwajiri, hakuna anayeweza kumfukuza, na ukimwambia apumzike atakununia wiki nzima.

Vifurushi vya namna hiyo havina namba rasmi, hutambuliwa kwa tarehe. Tarehe huandikwa na kompyuta yenyewe. Sasa jana yake kile kiprogramu kinachoiandika kiligoma, naye alikuwa na haraka zake, akaona isiwe tabu, akaiandika kwa mkono. Kidole kikateleza. Tarakimu moja tu, jamani, na kifurushi kikatoka na tarehe ya karne ijayo. Hakuliona kosa. Nani anasoma tarehe aliyoiandika mwenyewe?

Hilo peke yake lingekuwa la kuchekwa tu. Lakini asubuhi wenye kompaila walitangaza kwamba kazi yao ya jana ina kasoro: inaharibu hesabu za desimali kimyakimya, bila kutoa onyo lolote. Wameshairekebisha, wanaomba radhi. Katika kazi hii habari kama hizo hazimtoi mtu jasho, kwa kuwa uchafu wa leo husafishwa na kifurushi cha siku inayofuata. Kesho akajenga kipya haraka, akakitoa, akajaribu kukichukua kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Kompyuta ikamjibu: Tayari unalo toleo jipya kabisa.

Akajaribu tena. Jibu lile lile. Ndipo alipoitazama tarehe ya jana, akashika kichwa. Mashine hazijui aibu wala akili, zinalinganisha tarehe basi. Kifurushi kile kibovu kitaendelea kuwa kipya mpaka vitukuu wetu wazeeke, na kila kizuri kitakachotoka baada yake kitaonekana cha zamani.

Alimwandikia Kobe, mwenzake katika kikundi cha wafungashaji, mtu ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana na ambaye aliitwa hivyo kwa uvivu wake wa kujibu. Leo alijibu papo hapo. "Weka namba ya mbele."

Dawa yenyewe ni hiyo, na Kesho aliijua kabla hajauliza. Unaweka namba mbele ya tarehe, mashine inaitazama hiyo kwanza, na kifurushi chenye namba kinashinda kisicho nayo hata kingekuwa cha karne gani. Tatizo ni kwamba ukishaiweka haitoki tena maisha. Ukiiondoa, yale yale yanarudi. Inabaki pale juu ya kila kifurushi utakachotoa, na kila mfungashaji anayeiona anajiuliza, huyu naye alivuruga nini? Na aliyekuwa akiwacheka wenzake kuliko wote ni Kesho mwenyewe. Kobe anayo moja. Kesho alishawahi kumwambia mbele ya kikundi kizima kwamba imemkaa kama kipele puani.

"Subiri," akamjibu. "Natafuta njia safi."

Njia safi haikuwepo. Alitafuta hivyo hivyo, akizunguka kitanda. Alikiondoa kile kibovu mtandaoni ili asikichukue mtu mwingine, akajiambia waliokwisha kukichukua ni wachache, wataona wenyewe. Halafu akakumbuka nani aliyekichukua.

Kaka yake ni fundi wa vifaa vya hospitali. Wodi ya wazazi ina mashine mbili za kuwatunzia joto watoto njiti, na moja ilikufa siku nyingi. Kaka ndiye aliyejitolea kuifufua. Akaibuni upya sehemu inayoendesha joto, akaiandikia programu, na kifaa alichotumia kilikuwa kipya kiasi kwamba toleo rasmi la kompaila halikukitambua. "Chukua changu cha leo, kaka," Kesho alimwambia jana kwenye simu. "Kiko safi." Na leo ndiyo siku ya majaribio. Sista mkuu wa wodi ameshasema mashine ikishindwa leo itolewe, hana nafasi ya makopo.

Sasa angalia alichofanya. Badala ya kumpigia kaka yake amweleze, alimtumia ujumbe: Kaka, sasisha kompaila kabla ya kuanza. Hakusema kwa nini, akijidanganya kwamba kompyuta ikikataa kama yake, kaka ataligundua mwenyewe. Kusema kwa nini kungemlazimu aitaje ile tarehe, na kaka yake ndiye mtu pekee duniani anayemsifia mbele za watu.

Jibu halikukawia. Nimesasisha, inasema ninalo toleo jipya kabisa. Asante sana mdogo wangu, naingia wodini.

Alipiga simu, imezimwa. Alipiga tena na tena, saa nzima, bado imezimwa. Akavuta mtandio mlangoni.

"Unakwenda wapi na kandambili za bafuni?" mama yake akauliza.

"Hospitali."

"Nani mgonjwa?"

Njiani alitembea, akakimbia, akatembea tena, akijisema kwa sauti mpaka muuza magazeti akamwuliza kama yuko salama.

Alimkuta kaka yake ameketi sakafuni, kwenye ukumbi wa nje ya wodi. Mashine ilikuwa imefumuliwa, vipande vimepangwa juu ya shuka. Alikuwa ameweka chupa za maji mahali pa mtoto, na kipimajoto juu yake, akawasha. Mashine ikadhani ndani kuna baridi, ikapandisha joto, ikaendelea kupandisha. Tangu hapo alikuwa akifungua na kufunga. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeungua kwa chuma cha kuchomelea. Sista mkuu alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Ni mimi, sista," kaka alikuwa akisema. "Nimekosea mahali, sijui wapi."

"Fundi, sikugombezi. Lakini nina watoto wawili wanalala kwenye mashine ya mtoto mmoja. Wewe uliniahidi."

"Niliahidi, ndiyo."

"Kaka," Kesho akaita.

Aliinua uso, na Kesho hakuwahi kumwona na uso wa namna ile. "Mdogo wangu, nimefungua kila kitu. Vipimajoto nimebadilisha. Nyaya nimekata, nimechomelea upya. Programu nimeipitia tena tangu mstari wa kwanza. Nimeanza kuzeeka, nadhani."

"Na kompaila?"

"Kompaila ina nini? Hiyo si umeifungasha wewe?"

Alisema hivyo bila kejeli. Kesho aliipakata kompyuta ya kaka yake. Hapo angeweza kukiondoa kifurushi kibovu kwa mkono, akaweka kizuri, akamwambia ajaribu tena, na mambo yangekwisha. Kaka angemshukuru. Sista angempa kiti. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibonyezo, na ninawaambia kweli, alitaka.

"Si wewe," akasema. Akakiondoa kidole. "Si wewe, kaka. Ni mimi. Kompaila ya jana inaharibu hesabu, na niliiandika tarehe vibaya, ndiyo maana kompyuta yako ilikataa nzuri. Nilijua tangu asubuhi."

Kaka yake alikiweka chini chuma cha kuchomelea, taratibu. "Na ujumbe wako?"

"Niliona aibu. Nikakuficha."

"Nimemwambia huyu mama sijui kazi," kaka akasema. "Nimemwambia mimi, kwa mdomo wangu."

"Nimesikia," sista akasema. "Na sasa nimesikia na haya. Mnatengeneza au mnalia? Nijue nikaendelee na kazi."

Kesho akaanza kukiondoa kile kibovu. Kaka akamshika mkono. "Hapo utakiondoa kwangu tu. Waliokichukua wengine unawajua?"

"Siwajui."

"Basi?"

Basi aliingia kwenye kompyuta ya nyumbani kupitia mtandao. Kifurushi kilikuwa kimeshajengwa, kilichobaki ni kukifungasha upya. Akaiweka namba ya mbele. Akaandika kwenye ukurasa wa kikundi, mahali pa kusomwa na kila mtu, kwamba waliochukua cha jana wasiamini hesabu zao, kwamba kosa la tarehe ni lake, na kwamba amekaa nalo asubuhi nzima akiona haya. Alikuwa akilia na pua inamtiririka. Kobe akajibu neno moja: Karibu.

Kompyuta ya kaka ilikichukua kipya bila maneno. Kaka akarudisha nyaya, akaitafsiri programu kwa kompaila mpya, akaipakia, akawasha. Wote watatu waliinama juu ya chupa za maji. Joto likapanda, likafika panapotakiwa, likatulia hapo hapo. Walingoja. Halikusogea.

"Imekaa," Kesho akasema, akimtazama kaka yake. Alikuwa amezoea kusikia sifa zake hapo.

Kaka alitoa kipimajoto kingine kwenye mkoba, akakiweka upande wa pili wa chupa, akachuchumaa kukisoma.

Sista naye hakuwa na subira. "Fundi, nimlete mtoto?"

"Bado, sista," kaka akasema bila kugeuka. "Naikagua kwanza kazi ya mdogo wangu."