Mke Wangu Ametangulia

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Ya madukani, ya maghalani, hata ile ya kliniki wanayopimia watoto wachanga. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania ni mtu wa kukisia. Mke wangu naye ni karani wa masjala katika ofisi moja kubwa, mahali ambapo barua ikipotea siku mbili mtu huitwa kujieleza. Kwa hiyo tulipoanza kufikiria kuhamia mkoa mwingine, tulikaa mezani na kalamu.

Kodi ya vyumba vyetu viwili ilikuwa laki na themanini, na ilikuwa imepanda mara tatu katika miaka minne. Majirani tulikuwa nao, kwa maana kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anayekohoa. Mwaka juzi nililazwa hospitali siku kumi na moja. Siku niliyorudi, jirani wa mlango wa pili alinisimamisha ngazini, nikadhani anataka kunijulia hali. Alitaka kujua kwa nini ndoo yetu imezuia njia muda wote huo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Huko tulikokuwa tunakufikiria kulikuwa na maghala mapya ya nafaka na hakuna fundi mizani hata mmoja. Kwangu hilo lilitosha. Kwake halikutosha, na alikuwa na haki. Alikuwa na miaka kumi na saba kazini, bado mitatu apate pensheni kamili. Akiacha sasa angepewa vijisenti vya kuagia, na kiti chake kilikuwa kinamezewa mate na watu watatu, kwa hiyo akiondoka harudi. Tukakubaliana nikae huko karibu mwezi mzima, nimpelekee habari, ndipo aamue. Siku ya mwisho ya kupeleka barua ya kuacha kazi ilikuwa tarehe ishirini na tatu, ili likizo yake ihesabiwe badala ya notisi.

"Bei zako nitaziamini," aliniambia. "Lakini kuhusu watu, usiniletee maneno ya wazuri sijui wakarimu. Niambie wamefanya nini. Kupima nitapima mwenyewe."

Tulikwenda pamoja Ijumaa, tukalala nyumba ya wageni, na Jumapili akapanda basi kurudi kazini. Jumatatu nikaenda kutazama chumba. Ulikuwa ua wenye vyumba sita, bomba moja, na kamba za kuanikia nguo zilizopita mbele ya madirisha. Mama mwenye nyumba alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima, anayetembea na funguo zote kiunoni. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabarani na yalikuwa yanatoa machozi tangu nishuke kwenye basi.

"Uko peke yako, baba?"

"Kwa sasa ndiyo. Mke wangu ametangulia."

"Pole sana."

Mtu aliyetoka safari hupewa pole, nami niliipokea kama mtu aliyetoka safari. "Nimeshapoa, mama. La kushukuru ni kwamba amekwenda salama."

"Alhamdulillahi, hilo nalo ni jambo."

"Nami nitamfuata mwisho wa mwezi, Mungu akipenda."

Akashika mwimo wa mlango. "Usiseme hivyo, mwanangu."

Nikadhani anaogopa kumpoteza mpangaji. "Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Sitaondoka kabla sijalipa kodi."

Mwanzoni alikuwa amesema elfu sitini kwa mwezi. Sasa akasema nitoe arobaini, na nikikosa nisijisumbue, na mlango nisiufunge kwa ndani kwa sababu komeo lina kutu. Komeo halikuwa na kutu. Nililiangalia.

Habari nilizompelekea mke wangu wiki mbili zile zilikuwa sahihi, kila moja. Kwamba kinyozi wa chumba cha jirani hugonga ukuta kila asubuhi na kuita, "Jirani, upo?" Nikijibu nipo, namsikia anamshukuru Mungu. Kwamba dada wa chumba cha tatu huniletea bakuli la uji na kusimama pale pale mpaka nimalize. Kwamba kinyozi ananinyoa bure, na wembe wangu ameuchukua, eti ni butu. Kwamba mama mwenye nyumba ameikata kamba ya nguo iliyokuwa mbele ya dirisha langu na kuihamishia upande wa pili, nipate hewa.

Na bei. Mwuza nafaka wa kona alinipimia kilo ya maharage, na jicho langu halikosei gramu hamsini: ilikuwa kilo na robo. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilikagua mizani yake kwa siri nikaikuta nzima kabisa. Fundi mizani anayeona sahani imeinama upande wake siku mbili mfululizo anapaswa kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilifungua daftari, nikagawanya bei kwa kilo na robo, nikampigia mke wangu simu kumwambia maharage huku ni rahisi kuliko nilivyofikiri.

"Na huyo kinyozi anakuita kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi. Hajakosa hata siku moja."

"Hata mama yangu mzazi haniiti kila asubuhi," akasema.

Tarehe kumi na tisa, Alhamisi, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni. Dukani hapakuwa na mtu mwingine. Alikuwa amemaliza kisogo, akazima mashine na kusimama nyuma yangu, tukawa tunatazamana kwenye kioo.

"Ndugu yangu," akasema, "mwezi unakatika, nami sitaki uukate vibaya. Wangu mimi alitangulia huu mwaka wa tatu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nafunga duka saa tisa mchana nikalale, na sikuwa nataka kuamka. Sijamwambia mtu hapa. Nakwambia wewe kwa sababu nimeona tuko jahazi moja."

"Alitangulia wapi?" nikauliza.

Akaniwekea mkono begani, polepole. "Wapi tena, ndugu yangu? Huko tuendako sote."

Nilibaki nikijitazama kwenye kioo. Wembe, kamba, komeo, uji wa kusimamiwa, vyote vilipanga mstari vikanipita mbele ya macho. Nilijua papo hapo lipi la kusema, tena ni fupi: mke wangu mzima, yuko kazini. Nikafungua mdomo. Kinyozi akadhani nataka kulia, akanifuta uso kwa taulo la moto. Nilipotoa pesa alizirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikasema asante.

Niliona aibu kutoka dukani mpaka kwenye ua. Pale uani mama mwenye nyumba aliniuliza nimekula nini, dada wa chumba cha tatu akaniuliza nimelalaje, na mtoto wake akanipisha kwenye kigoda. Aibu ikapungua. Sitaki kuficha: nilipenda. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kupewa pole kiasi kile, na nilijiambia watu wenye moyo huo kwa mfiwa hawawezi kukosa moyo kwa mtu asiyefiwa. Bei nazo nilijiambia zitapanda kidogo tu.

Jioni ile saa kumi na mbili mke wangu alipiga simu.

"Jumatatu ndiyo tarehe ishirini na tatu," akasema. "Barua nimeshaiandika. Nipeleke?"

"Si nimekupa hesabu zote?"

"Umenipa. Nakuuliza wewe."

"Peleka," nikasema.

Nilikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nzima za kumpigia. Niliazimia kuwaambia watu wa ua kesho, ili nikimpigia niwe na bei za kweli. Kesho ilipofika nikasema kesho. Jumatatu alipeleka barua, na kwa kuwa masjala ni yeye, aliipokea mwenyewe na kuigonga mhuri. Alinisimulia kwa kicheko.

Wiki ya mwisho wa mwezi, ulinzi ukaongezeka. Tarehe thelathini kinyozi alifunga duka na kunisindikiza ghalani, eti hajawahi kuona mizani ya magunia inavyotengenezwa. Alikaa juu ya gunia tangu asubuhi mpaka saa nane, akinitazama mikono. Mimi nilitarajia kusafiri kesho yake kwenda kumsaidia mke wangu kufunga mizigo. Yeye hakunisubiri. Alishauza kitanda na kabati, akapanda basi la alfajiri na mabegi manne ili anishtukize.

Yaliyotokea uani nimesimuliwa na mama mwenye nyumba, na amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mke wangu aliingia na mabegi yake akauliza kama hapa ndipo anapokaa fundi mizani.

"Ndipo," akajibiwa. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mke wake."

Mama mwenye nyumba akaweka ndoo chini. "Hata mwezi haujaisha!" akasema. "Wanaume! Udongo wa mwenzako haujakauka!"

"Mwenzangu yupi?"

"Marehemu. Yule karani."

"Karani wa wapi?"

"Sijui wa masjala, sijui wa nini, alitutajia mwenyewe. Tumemlia hapa kama tuliyemzaa."

Mke wangu alikaa juu ya begi. "Mama," akasema, "karani wa masjala ndiye mimi."

Tuliporudi na kinyozi tulikuta ua umejaa. Mke wangu yuko katikati kwenye kigoda, wanawake wamemzunguka, na mama mwenye nyumba anamshika mkono, anaubana, anacheka, anaubana tena. Kila mmoja alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Kumbe ametangulia kituo cha basi!" dada wa chumba cha tatu alipiga kelele. "Na mimi nasimamia uji!" Mwuza nafaka alikuja kushuhudia, akasema ile robo kilo nitairudisha. Mama mwenye nyumba akatangaza kwamba arobaini ilikuwa kodi ya mfiwa, ya mwenye mke ni sitini, na mkosaji ni yeye kwa kuwa na masikio ya kizee. Nami nikacheka nao. Nikasema, "Mama, Kiswahili hiki kitatuua." Nikaona nimepona.

Kinyozi alikuwa hajacheka. Alikuwa amesimama karibu na bomba.

"Lakini mimi nilikwambia," akasema.

Nikamwambia tutaongea baadaye.

"Nilikwambia dukani. Uliniuliza wapi, nikakwambia wapi. Nikakueleza na ya kwangu." Sauti haikupanda. "Ulinisikiliza mpaka mwisho, ndugu yangu. Ukasema asante."

Kicheko kiliisha uani, mmoja mmoja. Mke wangu alimtazama kinyozi, si mimi.

"Siku gani hiyo, shemeji?"

"Alhamisi ile. Tarehe kumi na tisa."

Hakuhitaji kalamu. Aliinuka, akamwambia kinyozi, "Pole sana kwa mwenzako," na kinyozi akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungua duka lake. Kisha mke wangu akashika begi moja na kuingia chumbani, nami nikamfuata na mengine matatu.

Hakukaa. Alitazama kitanda, jiko, bakuli la dada wa chumba cha tatu ambalo nilikuwa sijalirudisha.

"Jioni ile ile nilikupigia," akasema. "Nikakuuliza nipeleke."

"Nilitaka kukwambia. Nilikuwa nangoja nipate bei—"

"Umekula rambirambi zangu."

Nikasema si hivyo. Nikasema ni neno tu lilivyoeleweka vibaya, maji yakimwagika hayazoleki, na watu wenyewe amewaona walivyo. Nilizungumza sana. Yeye alikuwa anavua viatu vya safari, kimoja kwanza, halafu cha pili.

"Watu nimewaona," akasema. "Walidhani nimekufa, wakanilia hawanijui. Wewe ulikuwa unajua niko hai. Ulinifanyia nini?"

Ni yeye mwenyewe aliyetaka tangu mwanzo niseme watu wamefanya nini. Nilitafuta kitu kimoja cha kutaja, hata kidogo, katika siku kumi na moja tangu Alhamisi ile. Alinipa muda wa kutosha wa kutafuta. Halafu akavaa kandambili zangu, akatoka nje.

Nilisikia wanawake wakimpisha nafasi. Nilisikia akiuliza kama mjini hapa kuna ofisi yoyote inayohitaji karani, na mama mwenye nyumba akijibu kwamba leo hii hii wataulizia, ila kwanza ale, maana ametoka mbali. Mtu akachota maji. Mtu akaleta kigoda kingine. Harufu ya chakula ilipopita dirishani nilikuwa bado nimekaa kitandani, na hakuna aliyeniita.