Meno ya Tomi

Aniceti alikuwa mchora mabango, na hakuwa mpenzi wa mbwa. Mji mzima wa Babati ulisoma kazi zake bila kumjua: kinyozi, dawa za mifugo, supu ya kongoro. Alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kusifia. Aliponaswa, alinaswa na machozi ya Mama Bernadina.

Mama huyu, afisa mifugo mstaafu, alikuwa amekusanya mbwa kumi na mmoja waliotupwa, akawafuga kijijini Bonga, kwenye kiwanja cha familia. Yeye na wenzake wawili wa kanisani ndio waliojiita kikundi cha kuokoa wanyama, na mjini watu waliwacheka. Sasa kaka zake walikuwa wamekiuza kiwanja kile. Mnunuzi angeingia mwisho wa mwezi, na mbwa asiye na pa kwenda angechomwa sindano, wala si ya chanjo.

"Wachore, Baba Clara," alimwambia Aniceti. "Watu wakiwaona sura watawahurumia. Na tutakachopata kwenye picha tutawanunulia dona na dagaa."

"Mama, mimi nachora herufi."

"Mbwa ni rahisi kuliko herufi. Hawana makosa ya kusahihisha."

Akaanza na Tomi, mbwa mzee mwenye jicho moja, aliyekuwa akiogopa kuku. Tomi alikaa mbele ya plaiwudi asubuhi nzima, ametulia, kama mtu aliyeitwa kupigwa picha ya kitambulisho. Ilipofika saa sita Aniceti akagundua kwamba kwa mara ya kwanza kazi yake mwenyewe imempendeza. Upole wote wa Tomi ulikuwa pale, kwenye lile jicho moja. Siku hiyo hakula mchana. Aliwachora wote kumi na mmoja kwa wiki mbili, na majina yao akayajua.

Jumapili, baada ya ibada, watu walipokuwa wakinunua ndizi na kuku wa sadaka kwenye mnada, mchungaji akawaruhusu wapange picha ukutani. Watu walipita, wakatabasamu, wakapita tena. Wa kwanza kusimama alikuwa Konstantini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyo ni Tomi. Ukimtaka mwenyewe yupo, bure kabisa."

"Hapana, picha inatosha." Akamgeukia Aniceti. "Ila fundi, meno yake yako wapi?"

"Hana tabia ya kuyaonyesha."

"Mimi naiweka getini, ndugu yangu. Mwizi atatishwa na huruma?"

Aniceti alitaka kumjibu vibaya, lakini mama alikuwa akimtazama, na dona lilikuwa limeisha tangu juzi. Akafungua kopo, akamchora Tomi meno. Aliona aibu kama mtu aliyemsingizia rafiki yake.

Geti la Konstantini liko barabarani, na habari zikaenea haraka. Wiki iliyofuata walikuja watu kutoka Mutuka na Sigino, kila mmoja akitaka mbwa mkali wa plaiwudi. Picha zikaisha, zikaagizwa nyingine. Mbwa walikula wakashiba, manyoya yakaanza kung'aa. Kila mteja Mama Bernadina alimuuliza kama angependa kumchukua mbwa mwenyewe, na kila mteja alicheka kwa adabu. Mwezi ukabaki na siku nne, na mbwa bado walikuwa kumi na mmoja. Aniceti akaacha kumtazama Tomi usoni.

Siku hiyo mchana Konstantini akasimamisha gari nje ya kiwanja. Aniceti alipomwona akishusha mbwa alifurahi, akidhani yule mtu amempata mmoja njiani na sasa ameingia katika kazi yao. Lakini mbwa alikuwa mnene, ana kamba nzuri shingoni, na alikuwa akimlamba Konstantini mkono.

"Nimewaletea huyu wangu," alisema kwa furaha. "Tangu niweke picha hakuna anayesogelea geti. Na picha haili."

"Mpeleke nyumbani," Aniceti alisema. "Nakuomba, kaka. Jumamosi hapa wanachomwa sindano. Nikuchoree bure, nikuchoree ukuta mzima, mpeleke nyumbani."

Konstantini akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nikae naye wa nini, fundi, wakati kazi umeshaimaliza wewe?"

Akamwachia Mama Bernadina kamba, akaondoka. Mbwa akalifuata gari hadi kamba ilipomzuia, akakaa hapo hapo, akiangalia barabara. Mama akatoa kwenye mfuko wa gauni karatasi ya daktari wa mifugo, yenye majina ya mbwa wa Jumamosi.

"Hakututajia jina lake," alisema.

Kisha, chini ya majina ya Tomi na wenzake, mama akaandika: wa kumi na mbili, wa Konstantini.