Teke la Gia ya Tatu

Gari la wagonjwa lilirudi karakana likivutwa kwa mnyororo, na fundi hakuinua uso. Alilijua kwa harufu kabla hajaliona. Mafuta ya gia yakiungua hunuka kama mkate uliosahauliwa motoni, na harufu hiyo ilikuwa imemkaa puani miezi minne sasa, tangu siku ile ya kilimani.

Watu walimwita Mzee Teke. Jina lilitokana na kazi yake. Mtu akitoa injini ndogo garini na kutia kubwa, giaboksi ya otomatiki iliyozaliwa na ile ndogo hulemewa. Sahani za klachi huteleza, huungua, na gari huishia kunguruma papo hapo. Basi huletwa kwa Mzee Teke. Yeye huongeza presha ya mafuta, kisha huingia kwenye kompyuta ya gia na kuiamuru ishike haraka na kwa nguvu. Giaboksi ikitoka mikononi mwake hubadilisha gia kwa kishindo, pa! mpaka shingo ya abiria inayumba. "Umesikia hilo? Hilo ni teke la mzee," madereva hujisifu. Naye alilipenda teke lake. Shule aliishia darasa la nne, lakini namba za kompyuta ile alizisoma kama mama anavyosoma uso wa mtoto wake.

Mkuu wa magari wa hospitali alishuka kutoka gari lililovuta. Alikanyaga kwa kuchagua, asije akachafua viatu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," fundi akajibu, akiviambia viatu.

"Tumekuletea mgonjwa." Mkuu akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Huyo si mgonjwa, ni maiti. Mmekuja kutibu au kuzika?"

"Mzee, tusifike huko. Hili ndilo gari letu pekee linaloweza kile kilima. Tangu siku ile tulilitengeneza kwingine, limekufa tena; wiki ya pili hii watu tunawapandisha kwa pikapu, mvua yao, jua lao. Wewe litie mkono tu, kama mwanzo."

"Kama mwanzo!" Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwanzo mlinunua injini kubwa bila kuniuliza. Nikanyamaza, nikaiweka giaboksi ikabeba. Miezi kumi ilipanda kile kilima kama inateremka. Halafu mkamleta mtu na kompyuta yake, akashusha presha, akailainisha gia. Bila kuniuliza tena. Nilikuwa nimesafiri? Nilikuwa nimekufa?"

"Kulikuwa na malalamiko, mzee. Gari linarusha wagonjwa. Na ofisini malalamiko yakishaandikwa, lazima mtu achukue hatua."

"Hatua mkachukua nyinyi. Aliyezikwa ni mke wangu."

Mkuu akasema atapiga simu, akarudi garini mwake, akaondoka.

Siku ile fundi alikuwa mle ndani, ameketi kando ya kichwa cha mkewe, amemshika mkono. Pumzi zake zilikuwa zinakwenda zikipungua. Katikati ya kilima injini ikapaza sauti ghafla, gari likapunguza mwendo. Mtu mwingine angedhani dereva ameongeza mafuta. Fundi alijua. Aliisikia gia ya tatu ikiteleza chini ya miguu yake, sahani zikisagana bila kushikana, kama mtu anayekunja ngumi yenye sabuni. Dereva alirudi gia ya pili, nayo ikateleza. Wakasimama. Hospitali ilikuwa inaonekana, paa lake la bluu, hata nguo zilizoanikwa uani. Mkewe alikata roho hapo hapo, wakiliangalia paa.

Tangu hapo fundi alikuwa na adui mmoja tu: wenye ofisi. Aliamka nao, akala nao.

Dereva wa gari la wagonjwa hakuondoka na mkuu wake. Alibaki amesimama kando ya mlango wa nyuma, anazungusha kofia mikononi.

"Na wewe nenda," fundi akamwambia. "Waambie Mzee Teke amekataa. Waite yule mlainishaji wao."

"Baba, kuna neno nimelibeba, limenishinda uzito."

"Litue."

"Yale malalamiko niliyapeleka mimi."

Fundi akamtazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Wewe? Wewe uliyekuwa unanisifia teke langu mpaka kwenye harusi za watu?"

"Hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama."

"Mama yupi?"

"Mama, baba. Mkeo." Dereva akaikunja kofia. "Zile safari za kila wiki, za matibabu ya mgongo, alikuwa akienda na dada yake, wewe uko kazini. Kila gia ikibadilika, ule uvimbe wa mgongoni ulimchoma. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya. Alikuwa akiisubiri, amefumba macho, ameng'ata ncha ya mtandio. Siku moja akaniambia, 'Mwanangu, huwezi kumwomba mtu alipunguzie hili gari hasira?' Nikamwambia, mama, mwambie mzee mwenyewe, si yuko nyumbani kwako? Akacheka. Akasema, 'Nikamwambie teke lake linaniumiza? Hilo ndilo jina lake mjini. Utamvunja moyo.' Akaniapisha nisikwambie. Ndipo nikapeleka ofisini. Nilidhani watakuita."

"Hawakuniita."

"Hawakukuita."

Fundi aliketi juu ya tairi. Kwenye msumari ukutani ilining'inia kanga ya mkewe, ile ya zamani aliyokuwa akimfungia chakula cha mchana. Hakulia. Akauliza kwa sauti ya kazi, "Gia ya tatu, alisema?"

"Ya tatu."

"Lisukume ndani."

Alifungua giaboksi siku hiyo hiyo. Sahani zilikuwa nyeusi, zimejikunja. Akatia mpya. Presha akairudisha juu kama ya mwanzo, maana injini ile haina mzaha. Kishindo alijua kinakotoka: giaboksi inashika huku injini bado inasukuma kwa nguvu zote. Dawa yake aliijua pia, miaka mingi. Ni waya mmoja kutoka kompyuta ya gia hadi kompyuta ya injini, ili injini ishushe pumzi kufumba na kufumbua, gia ishike, kisha injini iendelee. Ni kazi ya kuchosha, ya kupima, kujaribu, kurudia. Hakuwahi kuihangaikia. Nani angempa mtu jina la Mzee Teke kwa gari lisilopiga teke?

Ilimchukua siku tatu.

Siku ya nne alimpa dereva ufunguo. Yeye akapanda nyuma, akajilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, akajifunga mkanda.

"Baba, si ukae mbele?"

"Endesha."

Waliondoka. Akiwa chali pale hakuona barabara, aliona dari tu, na taa ndogo yenye ufa. Hiki ndicho mkewe alichokuwa anakiona. Gari likainama, akajua kilima kimeanza. Gia ya kwanza ikapita. Ya pili aliisikia kwa mbali. Akafumba macho, akakaza mgongo, akaisubiri ya tatu.

Akasubiri.

"Mbona haibadiliki?" akapaza sauti. "Ya tatu iko wapi?"

"Ilishaingia, baba. Tangu kule kwenye kona."

Fundi alifumbua macho. Injini ilikuwa inavuma bila kelele, gari linapanda.

"Kazi ya siku tatu," akasema, akijiambia au akiiambia dari. "Wangeniita tu. Ama yeye angeniambia. Ama mimi ningeuliza."

Walipofika, mkuu wa magari alikuwa amesimama mlangoni, chini ya paa la bluu, na karatasi ya kusaini mkononi. Dereva akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Tumefika, baba."

"Najua," fundi akasema. Hakufungua mkanda. "Mwambie asubiri. Yeye kusubiri hakutamuua."