Vikapu Vyote vya Leokadia

Wewe umewahi kukuta jina lako limeandikwa chini ya kazi ya mikono ya mtu mwingine, na watu wanakusifia kwa kazi hiyo? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Mimi limenipata uzeeni, nikiwa nimekaa zangu barazani.

Naitwa Leokadia. Hapa kijijini, juu ya Ifunda, wananiita Mama Bartolomeo. Nasuka vikapu vya milulu kama wanawake wengi wa huku. Milulu ni majani marefu yanayoota bondeni kwenye maji. Tunayakata, tunayaanika mpaka ukijani uishe, halafu tunayalowesha kidogo ndipo yakubali kupindwa. Mimi siyo fundi sana. Vikapu vyangu vinasimama, havilali upande, basi. Fundi ni jirani yangu Veneranda, Mama Jofrey. Yeye ukingo wa kikapu anaupinda mara mbili, na ncha ya mlulu anaificha ndani, hata utafute kwa kucha huipati.

Sisi wa upande huu wa bondeni tunatumia simu moja, na ni ya kwangu. Aliniletea mwanangu Bartolomeo, simu ya kioo, pamoja na sola ndogo ya kuichajia. Mwenye mtoto wa mbali anakuja kuongea barazani kwangu. Simu naishika mwenyewe, maana kioo ni kioo. Naweka sauti ya juu, naye anainama anaongea. Aliyekuwa anakuja zaidi ni Mama Jofrey. Jofrey wake alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, na tangu aende hajarudi, si Krismasi si Pasaka. Wakiongea ni salamu, mvua, mahindi, basi.

Sasa Prisca, binti wa Bartolomeo, anayefanya kazi za kompyuta huko Mbeya mjini, akatutengenezea duka la mtandaoni. Alinitumia ukurasa kwenye simu. Kila mama akaja na vikapu vyake, akaandika jina na namba ya simu, mimi nikapiga picha, nikabonyeza pa kutuma. Mama Jofrey alikuja amejifunga kitenge cha kanisani, utadhani anayepigwa picha ni yeye. Na Jofrey alipopiga wiki hiyo, alimwambia kwa sauti ambayo sikuizoea kwake:

"Mwanangu, nitafute humo dukani! Andika jina langu tu. Waoneshe na wenzako."

Jofrey akamtafuta kweli. Siku aliyopiga kutoa majibu tulikuwa kundi zima barazani, tunachambua milulu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeniona?"

"Mama, hupo. Nimeandika Veneranda mbele ya jamaa hapa, panakuja peupe. Vikapu vyote ni vya Bibi Leokadia. Hata kile cha kupinda mara mbili, kimeandikwa Leokadia, na kuna mteja kamsifia hapo chini, eti bibi ana mikono ya dhahabu. Jamaa wamenicheka, mama. Wanasema wewe ni kibarua wa huyo bibi."

Sauti ilikuwa ya juu kama kawaida. Kila mtu alisikia. Mama Jofrey akasema polepole, "Haya, tutaongea," akakusanya milulu yake, hata ile mifupi ambayo huwa anaiacha, akaondoka.

Anjela, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu tukiwa wasichana, akanigeukia. "Kumbe una mikono mingi namna hiyo, Mama Bartolomeo! Mingine unaificha wapi?"

"Anjela, mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza tu."

"Ndiyo, na umebonyeza vizuri."

Nilitamani sakafu ya baraza inimeze. Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa pia hakuja mtu. Jumapili kanisani, padre aliposema tupeane amani, Mama Jofrey alinipa ncha za vidole. Nilishindwa hata kuimba. Nilikuwa naona migongo ya watu mbele yangu, nadhani kila mgongo unasema mwizi.

Nikampigia Prisca. Akajibu haraka, kama mtu anayesumbuliwa kazini. "Bibi, duka halina shida, nililijaribu mwenyewe. Hao kina bibi watakuwa wamejaza vibaya."

"Hebu mwandike Veneranda."

Nikasikia vidole vyake vinagonga. Halafu vikanyamaza. Vikagonga tena. "Mbona ajabu," akasema, lakini sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bibi, Jumamosi nakuja."

Alifika na mfuko wa mchele alioununua dirishani mwa basi pale Chimala, akanikabidhi bila kuniangalia usoni. Jumapili baada ya misa nikawaita wote. Walikuja, Mama Jofrey alikuja mwisho, akakaa pembeni, kikapu mapajani kama ngao. Prisca akapiga goti kwa kila mmoja, akamsalimia kila mmoja kwa kamwene, salamu yetu ya huku, kisha akafungua kompyuta juu ya kigoda.

Aliandika Veneranda, pakaja peupe. Aliandika Anjela, peupe. Aliandika Leokadia, vikajaa vikapu mpaka chini. Nikainamisha kichwa.

"Ngoja," akasema Prisca. "Huku ndani mimi siongei na ghala la taarifa moja kwa moja. Kuna mkalimani, programu inayokaa katikati. Mimi namwambia kwa maneno yangu, yeye anayageuza kuwa swali la ghala, analeta majibu. Ngoja nimwambie anioneshe maswali anayouliza kweli, labda ananipotosha."

"Wakalimani ndivyo walivyo," akasema Anjela. "Yule wa semina ya mbolea alitutafsiria mpaka tukamwagia mahindi dawa ya ng'ombe."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Prisca alisoma mistari yake, midomo inacheza. "Swali ni sahihi," akasema. "Ameuliza nilichomtuma. Bibi Veneranda kweli hayumo kabisa." Akawaza. "Hebu tumwandikishe upya, nimwangalie anavyofanya. Bibi Veneranda, nipe namba yako ya simu."

Mama Jofrey akaitaja, polepole, bila kukosea. Vidole vya Prisca vikasimama katikati.

"Hiyo si ya Bibi yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe, Bibi Anjela?"

Anjela akataja ile ile. Wa pembeni yake akataja ile ile. Na mwingine. Mwishowe wakawa wanaitaja pamoja kama watoto wanaoimba hesabu. Prisca akaweka mikono yake yote miwili usoni. Alipoiondoa, macho yalikuwa mekundu.

"Mkalimani hana kosa," akasema. "Mimi ndiye niliyempa amri hii: akija mtu, mtafute kwa namba ya simu; ukimkosa, mwandikishe mpya; ukimkuta, vikapu viingize kwa jina lake. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Bibi. Wengine wote mlipokuja, namba ilikuwa tayari ni ya Bibi. Mkalimani akaona ni Bibi anarudi. Majina yenu akayaacha mlangoni, hakulalamika wala nini. Huko Mbeya nililijaribu na wenzangu, na kila mmoja ana simu yake, wengine wana mbili." Akanigeukia. "Simu ya Bibi nimeikuta hapa tangu nipo sekondari. Nawajua wote wanaokuja kuongea nayo. Na sikukumbuka. Halafu nikasema mmejaza vibaya. Naombeni mnisamehe."

"Yaani kompyuta inatuona wote ni mtu mmoja?" akauliza Anjela.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi leo nakula kwa Mama Bartolomeo, nikishiba najua na yeye ameshiba."

Hapo hata Mama Jofrey alitabasamu kidogo. Prisca akabadilisha amri yake, mtu asitambuliwe kwa simu peke yake, akawaandikisha upya mmoja mmoja. Kisha akafungua picha, kila mama akawa anaonesha chake. Hakuna aliyegombea. Kazi ya mkono wako unaijua kama mtoto wako. Ikatokea picha moja isiyodaiwa na mtu.

"Hicho kilicholala upande," akasema Anjela, "ni cha Mama Bartolomeo."

Kilikuwa changu kweli.

Prisca akaandika Veneranda. Vikaja vikapu vya kupinda mara mbili, na sifa za yule mteja chini yake. Mama Jofrey akaangalia muda mrefu, akasogeza kidole karibu na jina, hakuligusa.

"Tumpigie Jofrey aone," nikasema. Nilikuwa na haraka ya kusafishwa, nisiseme uongo. Nikapiga. Ikaita, ikapokelewa, "Haloo?" na kidole changu kikawa tayari pale pa sauti ya juu. Ndipo nikamwona Mama Jofrey anakiangalia kidole changu. Nikaona na wenzangu wameshainama, masikio mbele, kama siku zote. Na mimi nimekaa katikati na simu yangu. Aibu iliyonishika hapo ilizidi ile ya vikapu, maana hii haikuwa ya kompyuta.

Nikamnyooshea simu. "Chukua, Mama Jofrey. Nenda nayo."

"Na kioo chako?"

"Kioo kikivunjika kivunjike."

Akaipokea kwa mikono miwili, akazunguka nyuma ya jiko la kuni. Sisi tukaanza kuchambua milulu kwa kelele, Anjela akakohoa mpaka akazidisha. Lakini ukuta wa jiko langu ni wa mabanzi, sauti inapita.

"Umeliona jina?" tukasikia. "Eeh. Ndilo hilo." Maneno ya Jofrey hayakutufikia. "Hapana, baba. Sikukuambia unitafute ili uone vikapu. Nilitaka urudi nyumbani."