Transfoma Baridi

Asubuhi nilimgusa kitindamimba wangu kipaji cha uso: moto. Nikampa dawa, nikamwachia mdogo wangu, nikaenda kugusa transfoma.

Transfoma ikiwa kazini huwa na joto na hunguruma. Hii ya kituo kipya, ndani ya chumba chake cha zege, ilikuwa kimya, baridi kama sakafu.

Sheria ni fupi. Kampuni ya umeme ikinunua mtambo mpya hupunguziwa kodi, mradi mtambo uwe umeanza kazi kabla mwaka wa kodi haujafungwa. Mwaka ulikuwa unafungwa siku hiyo, na wa kusaini fomu ya kuthibitisha hilo ni mimi, mtunza rejista ya mitambo.

"Mafuta yake hayajapimwa," alisema fundi mkuu, tunayemwita Babu Waya, amekalia ndoo. "Kesho kutwa."

"Mwaka unaisha leo."

"Uambie unisubiri."

Meneja akapiga simu. "Mama Rejista, umeshasaini?"

"Haijawashwa, bosi."

"Si imeshafungwa boliti? Saini tu. Nani atajua?"

"Mita. Haijasoma hata uniti moja."

"Basi iwasheni sasa hivi!"

Babu Waya akaninyang'anya simu. "Bosi, njoo uwashe mwenyewe. Mimi nitakuangalia kutoka ng'ambo ya barabara." Akanirudishia.

"Mkataba wako nao unaisha leo," meneja alisema, taratibu sasa. "Unakumbuka?"

"Hakuna siku nisiyoukumbuka."

Kwenye nafasi ya tarehe ya kuanza kazi niliandika "Bado", nikasaini, nikaipiga picha fomu, nikamtumia.

"Umejichongea, mama," Babu Waya alisema.

"Nimechoka, Babu. Uongo una kazi nyingi. Leo uuandike, mwakani mkaguzi akija uukumbuke."

Ujumbe ulinikuta nashuka ngazi za kituo: kesho nikabidhi rejista. Maneno matatu, hata salamu hakuna.

Nyumbani nilikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Wamekuongezea mkataba?" mdogo wangu aliuliza.

"Hapana. Walitaka nisaini uongo."

"Dada! Si ungesaini tu?"

Sikuwa na nguvu za kueleza mara ya pili. Niliweka kiganja kwenye kipaji cha mtoto.

"Homa imeshuka tangu saa sita," alisema. "Nilikutumia ujumbe, hukujibu."

"Nilikuwa kazini," nikasema, na mkono nikauacha palepale.