Kidole cha Tryphena

Jumanne asubuhi, kwenye kibanda chake cha ushonaji nyuma ya soko la Voi, Tryphena alitandaza kitambaa cha sketi mezani, akatafuta chaki asiione. Akapitisha kidole tu. Kidole kikaacha mstari mweupe, mnyoofu, unaoonekana vizuri kuliko wa chaki.

"Hiyo gharama imekwisha," alisema Everlyne, muuza mboga wa kibanda jirani. Sketi ilikuwa yake, na aliitaka kabla ya Jumapili.

"Afadhali," Tryphena akajibu, akachukua makasi.

Kufikia Ijumaa nyayo zake nazo zilikuwa zikiacha weupe njiani. Kuku wa mtaa walimfuata wakidonoa alipokanyaga, na mayai yao yakawa na maganda magumu hata Musyimi wa chapati akawa anayapasua kwa nyundo. Alilalamika kidogo, kisha akazoea.

Kilichomsumbua Tryphena ni mifupa. Ilimuuma, na kiu haikumwisha. Kwa miaka kadhaa zahanati aliyozoea ilimwambia ni umri, ikampa vidonge vya kalsiamu. Sasa alimwendea daktari mpya, msichana aitwaye Katuku, ambaye alimpima damu na kumkalisha chini.

"Mama, shingoni kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele," alisema. "Yako moja imezidisha kazi. Inaamuru mifupa itoe kalsiamu, na mifupa inatii."

"Na ikishatoka inaenda wapi?"

"Inajaa kwenye damu. Wengine inawafanyia mawe kwenye figo. Wewe nyingine inatokea vidoleni." Daktari akaangalia alama nyeupe kwenye meza yake, akazipangusa kwa kitambaa, akaendelea. "Hivyo vidonge acha leo."

Everlyne, aliyekuwa amemsindikiza, alifungua kikapu. Alikuwa amebeba unga wa mlonge, supu ya mifupa kwenye chupa ya chai, na maganda ya mayai yaliyosagwa.

"Daktari, na hivi?"

"Supu mnywe wote, ni tamu. Maganda rudisha kwa kuku. Hakuna jani la kuituliza tezi hii, mama. Dawa yake ni upasuaji, na mpasuaji yuko Mombasa. Nimekuombea nafasi, watakupigia simu. Kwa sasa kunywa maji mengi, tembea kila siku, upate jua la asubuhi. Na maziwa kwenye chai usiyaogope."

Kutembea kulikuwa rahisi. Maji ndiyo yalikuwa kazi. Siku Tryphena aliposhiba maji, mstari wa kidole chake ulikuwa mwembamba kama uzi. Mfereji ulipokauka, mstari ulinenepa, na wateja wakawa wanaangalia mstari kwenye kitambaa kabla ya kubeba mitungi kwenda mferejini.

"Mnene," walisema, wakarudi nyumbani.

Everlyne hakuvumilia. Alizunguka soko zima akitangaza kwamba mwenye tangi amletee fundi jagi la maji kwanza. Mumbe wa mitumba alileta, Musyimi akaleta, na waimba kwaya waliokuwa wakingoja sare zao wakaleta mengi kuliko wote. Tryphena alikunywa mpaka akawa anaenda chooni mbio, na soko lote likicheka naye akicheka. Maumivu hayakuondoka, ila alilala vizuri na mikono ikaacha kuchoka upesi kwenye cherehani.

Matembezi nayo yalipata watu. Alianza na Everlyne, kisha Mumbe, kisha waimbaji wote wa sauti ya pili ya kwaya, wakifuata bomba kubwa linalopeleka maji pwani. Nyuma yao kuku.

Asubuhi moja, wiki ambayo mifereji ya mtaa haikutoa hata tone, waliketi juu ya bomba hilo kupumzika. Chuma kilikuwa baridi, na maji yalivuma ndani. Simu ya Tryphena ikalia. Alisikiliza, akasema asante, akaikata.

"Wamesongeza tena tarehe ya upasuaji," akasema. "Mpasuaji ana foleni ndefu."

"Basi leo tufike mpaka relini," Everlyne akasema, akammiminia kikombe kutoka kwenye jagi la Mumbe.

Tryphena alikunywa kikombe chote, akaegemeza kiganja bombani ili ainuke. Alama nyeupe ya mkono ikabaki pale. Wakaondoka wakiimba, na chini ya ile alama maji yakaendelea kupita, yakimtangulia Mombasa.